Siku Panzi Alipokunywa Dizeli

Njooni. Sogeeni hapa barazani. Wewe mwenye chungwa, kaa mbali kidogo na shati langu. Haya.

Mnamwona yule pale chini ya mwembe? Yule mwekundu, mwenye kiti kilichochanika na kioo kimoja? Huyo ni Panzi, pikipiki yangu. Nilimwita Panzi kwa sababu ukimwasha huruka kidogo kabla ya kutulia, kama panzi aliyeshtuliwa kwenye majani.

Leo nawasimulia siku Panzi alipokunywa dizeli. Msicheke. Aliyemnywesha ni mimi.

"Mjomba, ulimnywesha makusudi?"

La hasha! Nani amnyweshe Panzi dizeli makusudi? Ilikuwa Jumamosi, msimu wa machungwa. Nanyi mnajua, msimu wa machungwa hapa Muheza hakuna anayekaa. Nilikuwa na magunia mawili ya kupeleka barabara kuu, kule malori yanakopakia. Nikapita sheli kwanza. Vitabuni wameandika "kituo cha mafuta". Sisi tunasema sheli, hata kama mwenye kituo ni mwingine kabisa.

Upande wa petroli kulikuwa na bodaboda wamejipanga kama siafu. Upande wa dizeli kulikuwa na Fuso moja tu, nayo ilikuwa inaondoka. Nikajiona mjanja. Nikamsukuma Panzi hadi pale ilipotoka Fuso.

Kijana wa pampu akaniuliza, "Ya ngapi, mzee?"

Nikasema, "Ya elfu kumi."

Basi. Sikusema ya nini. Nilikuwa nimegeuka nyuma, nabishana na mwenzangu habari za Coastal Union, kama goli lile lilikuwa la kuotea au halikuwa. Mafuta yakaingia, lita tatu na kidogo. Nikalipa. Nikapewa risiti. Nikaitia mfukoni bila kuisoma.

Na Panzi? Panzi hakusema kitu.

Ng'ombe ukimpa majani asiyoyataka, atanusa, atageuza shingo. Paka ukimpa ugali mtupu, atakutazama kama umemtukana. Pikipiki haina pua. Mdomo wa tangi lake uko wazi, na chochote utakachomimina kitapita. Magari mengi madogo ya petroli yana nafuu: shingo ya tangi ni nyembamba na bomba la dizeli ni nene, kwa hiyo haliingii. Panzi hana nafuu hiyo. Tangi lake ni kama kinywa cha mtoto mchanga. Unampa, anameza.

Nikapiga kiki. Panzi akawaka.

"Mjomba! Si umesema alikunywa dizeli? Sasa aliwakaje?"

Ahaa! Nani ameuliza hilo? Wewe mdogo kuliko wote? Njoo uchukue chungwa la pili. Hilo ndilo swali nililojiuliza mimi mwenyewe, na nilikuwa na ndevu tayari.

Sikiliza. Mafuta hayatoki tangini yakaingia moja kwa moja kwenye injini. Hupita kwenye mpira mwembamba, kisha hukaa kidogo kwenye kabureta. Chini ya kabureta kuna kibakuli, kidogo kama kikombe cha kahawa. Ndani ya kibakuli kile kulikuwa na petroli ya asubuhi. Panzi alikuwa kama mtu mwenye tonge la zamani shavuni. Umempakulia chakula kipya, yeye bado anatafuna kile cha kwanza.

Tukaondoka vizuri. Tukapita soko. Tukapita msikiti. Tulipofika kwenye mteremko, tonge la zamani likaisha.

Koh!

Panzi akakohoa. Koh. Koh-koh. Nguvu zikapungua. Nyuma ukatoka moshi mweupe, mwingi, wenye harufu ya lori. Koh-koh-koh. Kimya.

Kama Panzi angekuwa na ulimi, nadhani angesema: "Mjomba, umeniwekea nini jikoni? Kiberiti ninacho, nawasha na kuwasha, lakini kuni hizi hazishiki!"

Mimi sikumsikia. Nikapiga kiki. Koh. Nikapiga tena. Koh. Vijana wakaja kunisaidia, wakamsukuma huku mimi nimekaa juu na magunia yangu. Koh-koh. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Kila nilipopiga kiki, Panzi alimeza dizeli nyingine. Nilikuwa nikimtibu mgonjwa kwa kumnywesha kilekile kilichomwumiza.

Mwishowe nikamsukuma kwa fundi, yule mzee mwenye kijiwe chini ya mkungu. Hakugusa spana. Aliinama, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaniuliza swali moja.

"Umepiga kiki mara ngapi?"

"Kama thelathini."

"Ungepiga sifuri," akasema, "sasa hivi ungekuwa umeshafika."

Kisha akachana ukurasa kwenye daftari lake la madeni. Akachukua mafuta yangu kwa kijiti, akadondosha tone moja upande huu. Akachukua petroli yake mwenyewe kwenye chupa, akadondosha tone moja upande ule. "Kaa," akaniambia. "Tungoje."

Tukangoja. Tone la petroli likasambaa, likafifia, likapotea. Karatasi ikabaki kama haikuguswa. Tone langu halikwenda popote. Lilibaki pale, lina mafuta, linang'aa, kama karatasi ya kufungia vitumbua.

"Hii ni dizeli," akasema fundi. "Au dizeli iliyokutana na petroli kidogo."

Damu ikanichemka! Mnajua mtu akiharibikiwa na pikipiki huku kwetu, neno la kwanza kinywani ni lipi? Wamechakachua! Neno hilo lilivuma sana karibu na mwaka 2010. Wakati huo kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, petroli na dizeli zikawa ghali, na wajanja wakawa wanachanganya mafuta ya taa humo ili wapate faida. Mwaka 2010 EWURA, wale wanaodhibiti nishati na maji, wakaanza kutia alama ya siri kwenye mafuta halali ili wachakachuaji wanaswe kwa vipimo. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, na tamaa ikapungua. Mafuta yakatulia, lakini neno likabaki. Siku hizi hata chai ikiwa na maji mengi, shangazi yenu anasema imechakachuliwa.

Basi nami nikasimama katikati ya kijiwe, nikapaza sauti: "Wamechakachua! Narudi kule sasa hivi!"

Fundi akanyoosha mkono. "Risiti unayo?"

Nikaitoa mfukoni. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Bei ipo, lita zipo. Na hapo juu, kwa herufi kubwa, limeandikwa neno dizeli.

Nikakaa chini.

Niliomba dizeli bila kujua kwamba naomba dizeli. Nilisimama penye pampu ya dizeli, nikataja pesa, nikageuka kubishana mpira. Yule kijana naye angeweza kuuliza, ndiyo, pikipiki na dizeli wapi na wapi. Lakini mwenye Panzi ni mimi.

"Mjomba, mbona dizeli nayo ni mafuta? Lori linakunywa na linakwenda. Kwa nini Panzi asiende?"

Mmenifurahisha sana leo. Sogeeni karibu.

Petroli na dizeli ni ndugu. Hutoka tumbo moja, mafuta ghafi, yale meusi mazito yanayochimbwa ardhini. Mafuta ghafi huchemshwa kama chungu jikoni. Vitu vyepesi hugeuka mvuke mapema na kupanda juu. Vizito hukawia. Petroli ni ndugu mwepesi: huanza kugeuka mvuke joto likifika kama nyuzi 40 hivi. Mafuta ya taa yako katikati. Dizeli ni nzito zaidi: sehemu kubwa yake hungoja nyuzi 180 na kuendelea, hata 300 na zaidi. Kisha kila moja hukusanywa peke yake. Kwetu huja kwa meli, zikiwa zimeshatenganishwa, na kushushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Ndugu wa tumbo moja, lakini tabia mbalimbali. Petroli ni kama makuti makavu. Leta njiti moja ya kiberiti, fuu! Yamewaka. Dizeli ni kama gogo la mwembe. Leta njiti moja, itaungua mpaka ikuchome kidole, na gogo halina habari.

Na kuna jambo wakubwa wengi hawalijui. Kinachowaka si yale maji ya mafuta. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Dizeli haitoi wa kutosha mpaka ipashwe moto ipite nyuzi 50 hivi. Sasa tazama ndani ya Panzi. Ana chumba kidogo kiitwacho silinda. Ndani yake pistoni inapanda na kushuka, kama mchi kwenye kinu. Inashuka, inavuta hewa na mvuke wa petroli. Inapanda, inabana. Hapo juu darini kuna plagi, nayo inapiga cheche. Pah! Moto unaisukuma pistoni chini. Inapanda tena, inatoa moshi. Kuvuta, kubana, kulipuka, kutoa. Kuvuta, kubana, kulipuka, kutoa. Ndiyo ile ngoma mnayoisikia Panzi akipita.

Ukimpa dizeli, anavuta matone mazito badala ya mvuke. Cheche inapiga, makuti hayapo, kuna gogo. Kidogo kinachobahatika kuungua kinatoka nusu mbichi, ndio ule moshi mweupe. Kilichobaki kinailowesha plagi, na kiberiti chenyewe kinalowa.

"Na lori, Mjomba? Lenyewe linaliwashaje gogo?"

Umewahi kujaza upepo baiskeli? Baada ya kupampu sana, shika pampu chini, karibu na mpira. Ina joto, sivyo? Hewa ukiibana, inapata moto. Panzi hubana hewa yake mara tisa hivi. Injini ya dizeli huibana mara 15, mara 18, hata 20, mpaka hewa yenyewe inapita nyuzi 500. Kisha dizeli inapulizwa humo, laini kama ukungu wa asubuhi. Haihitaji plagi wala kiberiti. Jiko lenyewe limekuwa moto kiasi kwamba gogo linawaka likigusa tu.

Aliyeifanya injini hiyo ifanye kazi ni Mjerumani mmoja, Rudolf Diesel, mwaka 1897, katika mji wa Augsburg. Ndiyo, dizeli ni jina la mtu! Mtu akiniambia leo ataipa injini jina langu nitakataa. Watoto watakuwa wananitia kwenye madumu.

Turudi kwenye mkungu.

Fundi hakuanza kazi palepale. Hatua kama ishirini kutoka kijiweni alikuwepo mama lishe anakaanga mihogo, moto unawaka vizuri. Fundi akasema, "Kwanza tuhame." Tukamsukuma Panzi ng'ambo ya barabara, penye uwazi. Nikauliza kwa nini. Akasema mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini kama nyoka, unatafuta moto. Ukiupata, unarudi nao mpaka ulipotoka. Kijana aliyekuwa na sigara akafukuzwa bila heshima yoyote.

Ndipo akafunga koki ya mafuta. Akachomoa mpira, akauelekeza kwenye dumu, akafungua koki. Mafuta yakatiririka. Mimi, nikitaka kuonekana na akili, nikasema: "Fundi, tungeyaacha yatulie kwanza. Dizeli nzito itakaa chini, tuimwage, petroli tubaki nayo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hayo ni maji na mafuta," akasema. "Maji yakiingia kwenye petroli yatakaa chini, kweli. Petroli na dizeli zikikutana ni uji na maziwa. Nenda kazitenganishe."

Kwa hiyo yote yakatoka, hata petroli yangu nzuri ya asubuhi. Fundi akamwinamisha Panzi huku na huku ili tangi likauke. Akamimina nusu lita ya petroli, akalitikisa, akaimwaga nayo dumuni. Alikuwa analisuuza, kama mama anavyosuuza chungu cha dagaa kabla hajapika chai. Kisha akaingia chini ya kabureta. Kwenye kile kibakuli kuna skrubu ndogo; akailegeza, tonge la dizeli likatoka. Wengi husahau hapo. Wanasafisha tangi, wanaliacha shavu limejaa.

Akafungua plagi. Masikini, ilikuwa nyeusi na imelowa, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Akaifuta, akaipiga brashi ya waya, akaianika juani, mbali kabisa na lile tundu lake. Akafunika tundu kwa kitambaa na kuniambia nipige kiki taratibu. Kitambaa kikalowa dizeli iliyokuwa imejificha ndani.

Mwisho akakagua oili. Akachomoa kijiti, akanusa, akasugua kwa vidole. "Mwage," akasema.

"Fundi! Oili nimebadilisha wiki iliyopita."

"Na kiki thelathini umepiga leo."

Dizeli isiyoungua haikai juu tu. Huteleza kando ya pistoni, hupita kwenye ringi, huingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kama mchuzi wa mgeni wa siku ya nne. Oili ile ndiyo inayozuia chuma kisile chuma. Ningezima pale sheli, oili ingepona. Lita moja ya oili mpya, hiyo ndiyo bei ya ubishi wangu.

"Mjomba, yale mafuta ya kwenye dumu mlimwaga wapi?"

Hatukumwaga. Palikuwa na mtaro pale, lakini mtaro unakwenda kijitoni, na kijitoni watu wanafua. Akatokea jirani mmoja, mtu mwema tu, akasema: "Nipeni mimi, nitatia kwenye koroboi." Sijawahi kumwona fundi amekasirika vile. Koroboi ni ya mafuta ya taa. Jiko la mchina ni la mafuta ya taa. Ukitia kitu chenye petroli humo, hata kidogo, hujatia mafuta, umeita mlipuko ndani ya nyumba yenye watoto waliolala. Ninyi mkiona dumu msilolijua, msiguse, msionje, msinuse. Mwiteni mkubwa. Fundi akaandika kwenye dumu kwa chaki, MCHANGANYIKO, akaliweka kivulini mbali na moto, la kuoshea minyororo.

Kisha petroli mpya, lita mbili. Nikaitaja mara tatu nilipokwenda kuinunua. Petroli. Petroli. Petroli. Yule kijana wa pampu akaniangalia kwa huruma.

Nikapiga kiki. Koh.

Nikapiga kiki. Koh-koh. Moshi mweupe ukatoka kidogo.

Nikapiga kiki. Panzi akaruka! Akanguruma, akakohoa mabaki, moshi ukapungua, ukapungua, ukaisha. Mama lishe kule ng'ambo akapiga vigelegele, sijui kwa ajili ya Panzi au kwa sababu tumeondoka mbele ya biashara yake.

Hata hivyo mimi nilibahatika. Mwenye Fuso akikosea akaweka petroli, hasara yake huwa mbaya zaidi. Dizeli ina utelezi, na pampu ya injini yake hujilainisha kwa utelezi huo. Petroli ni kavu. Chuma huanza kusagana humo, na kutengeneza pampu ile kunaweza kukufanya uuze shamba. Mimi nilipoteza mafuta, oili, na asubuhi moja ya machungwa.

"Na ile karatasi, Mjomba? Yenye matone?"

Nilijua mtaiuliza! Hii hapa, naiweka ndani ya msahafu wa madeni yangu mwenyewe. Shika, wewe mdogo. Iinue juu, itazame kwa mwanga wa jua. Upande huu unaona nini?

"Sioni kitu, Mjomba."

Hapo ndipo lilipodondoka la petroli. Na upande ule?

"Kuna duara. Kama kidirisha." Akasogeza jicho. "Mjomba, namwona Panzi!"